Mtoto kwa Sheria Ipi?

Katikati ya mwaka 2013 nilimsindikiza mama mmoja kwenye mahakama ya wilaya huko kusini, akatoe ushahidi katika kesi ya binti yake. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mashahidi kwenye benchi la nje, kuwatuliza na kuwaeleza watakachokutana nacho ndani. Shauri lilisikilizwa faragha, kama inavyotakiwa kwa kesi za namna hiyo, na hakimu aliniruhusu nikae nyuma kwa sababu mama aliomba asiachwe peke yake.

Mwendesha mashtaka alianza na jina, dini, kazi na mahali anapoishi. Kisha akauliza binti ana umri gani. Mama alinyamaza kidogo.

"Alizaliwa mvua za El Niño."

"Mwaka gani, mama?"

"Mvua zile kubwa, baba. Magari ya Dar yalikuwa hayafiki."

Kadi ya kliniki ilishaliwa na mchwa. Cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuwapo. Mwendesha mashtaka, aliyekuwa na mafaili mengine matano mezani asubuhi ile, alikwishageuza ukurasa aende kwenye swali linalofuata.

Hakimu aliweka kalamu chini. Nalikumbuka hilo kuliko maneno yote yaliyosemwa siku hiyo. Akamuuliza mama kama alijifungua mvua zikiwa zimeshaanza. Zilikuwa zimeanza siku nyingi. Je, ilikuwa kabla ya mfungo au baada? "Ndani ya mfungo, mheshimiwa. Mwaka ule sikufunga. Idi ilinikuta ndani, arobaini haijaisha." Hakimu akapiga hesabu kwa sauti ya chini. Mvua za El Niño zilianza kumiminika miezi ya mwisho ya 1997, na Ramadhani ya msimu ule iliangukia Januari 1998, karibu mwezi mzima. Akaandika kwamba mtoto alizaliwa Januari 1998. Harusi iliyoleta kesi ilifungwa Novemba 2012, wiki chache baada ya mtihani wa darasa la saba. Binti alikuwa na miaka 14 na miezi 10.

Mshtakiwa hakukana kwamba aliishi na yule binti. Alisema ni mke wake, mahari ametoa, na baba mzazi amepokea na kuridhia. Baba naye alikuja kuyathibitisha hayo bila woga wowote: binti ameshavunja ungo, ameshachezwa unyago, shule amemaliza, sasa anangoja nini? Kwa hesabu ya nyumbani alikuwa mtu mzima. Kwa hesabu ya sheria alipungukiwa miezi miwili. Nami nilipotoka mle ndani nilikuwa na uzito moyoni, maana miezi ile miwili haikuwa ya kufikia miaka 18. Ilikuwa ya kufikia 15.

Msomaji asiyeshinda mahakamani atashangaa kidogo hapa, kwa hiyo tuzifungue sheria zenyewe.

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inatamka katika kifungu cha 4 kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwamba katika kila jambo linalomhusu maslahi yake yatangulie. Kanuni ya Adhabu, baada ya kurekebishwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ambayo wengi tunaiita SOSPA, inasema mwanamume anayemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, awe msichana amekubali au hakukubali. Mpaka hapo sheria hizi mbili zinaelewana. Lakini isome aya hiyo ya 130(2)(e) mpaka nukta ya mwisho: isipokuwa kama msichana ni mke wake, ametimiza miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Ukiuliza mke wa miaka 15 anatoka wapi, utaelekezwa kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kinataka mvulana afikishe 18 ndipo aoe, na msichana 15 ndipo aolewe. Mahakama ikiombwa inaweza kuruhusu hata mwenye miaka 14. Kifungu cha 17 kinaongeza kwamba msichana wa chini ya 18 aolewe kwa ridhaa ya baba yake, na kama baba hayupo duniani, ya mama.

Ziweke pamoja. Kitendo kilekile, kwa msichana yuleyule, usiku uleule, kinaweza kuwa kosa la kifungo kisichopungua miaka 30 au kikawa haki ya unyumba, kutegemea kama kuna mzazi aliyepokea mahari. Mzazi ambaye Sheria ya Mtoto imempa wajibu wa kumlinda mwanawe ndiye ambaye Sheria ya Ndoa imempa ufunguo wa kuuondoa ulinzi huo. Na Sheria ya Mtoto yenyewe, pamoja na uzuri wake wote, haikuweka kifungu kinachokataza waziwazi ndoa ya mtoto. Ilitaja elimu, ikataja jina na uraia, ikataja kazi za hatari, ikataja mateso, lakini ilipofika kwenye ndoa ilipita kimya.

Sitaki kuidharau Sheria ya Ndoa. Walioiandika walifanya kazi kubwa. Serikali ilitoa mapendekezo yake 1969, na mwaka 1971 nchi ikapata kitabu kimoja cha ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali, jambo ambalo mataifa mengi ya Afrika hayajalifikia hadi leo. Ilifungua mlango wa mke kugawiwa mali ndoa inapovunjika. Na kwa jamii ambazo kipimo kilikuwa kuvunja ungo, kusema 15 kulikuwa ni kuupandisha umri. Wazee wale walikwenda mbali kadiri wakati wao ulivyowaruhusu. Ila nchi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ikaridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003, na huo wa Afrika haukuacha shaka: ibara ya 21 inataka umri wa ndoa uwe 18, wa kike na wa kiume. Kuanzia hapo 15 haikuwa tena hatua mbele.

Aliyelifikisha jambo hili mahakamani ni mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa taasisi ya Msichana Initiative, akiwakilishwa na wakili Jebra Kambole. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, Dar es Salaam, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufani. Moja ya hoja zilizotolewa ni kwamba ndoa ya mapema inaweza kumstiri msichana aliyepata mimba nje ya ndoa. Hoja hiyo naifahamu vizuri, nimeisikia kwenye mikeka ya suluhu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na siku zote anayestiriwa ni mwanamume aliyempa mimba. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufani hiyo. Mwaka mmoja mwingine ukaanza kuhesabika.

Mwaka 2020 ukapita. Ukapita 2021, 2022, 2023. Bunge lilikaa vikao, likapitisha bajeti na sheria nyingi, na kifungu cha 13 kikabaki kilivyo kitabuni.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Ibara ya 30(5) ya Katiba inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kutoibatilisha sheria papo hapo, ikaipa serikali muda wa kuirekebisha, na sheria hiyo ikahesabika kuwa halali mpaka marekebisho yafanyike au muda uishe, lolote litakalotangulia. Muda uliisha. Kwa usomaji wangu, na sioni usomaji mwingine unaoyatendea haki maneno ya Katiba, ruhusa ya kuoa msichana wa miaka 15 ilikufa siku mwaka ule ulipotimia. Lakini nani amemwambia mtendaji wa kata? Nani amempelekea barua shehe wa msikiti wa kijijini au mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa? Kitabu walicho nacho ni kilekile. Kifungu kinaweza kuwa kimekufa Dar es Salaam na kikaendelea kufungisha harusi Tunduru, kwa sababu msiba wake haukutangazwa. Hiyo ndiyo hasara ya kuiachia mahakama kazi ambayo ni ya Bunge. Mahakama inaweza kubomoa ukuta, lakini haiwezi kujenga mwingine mahali pake.

Na ukuta unaokosekana si wa ndoa peke yake. Mwaka 2016 huohuo Bunge liliongeza kifungu cha 60A kwenye Sheria ya Elimu: ni marufuku kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari katika mazingira yoyote yale, na anayemwoa au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Nilishangilia kama wengine. Nimekuja kukiangalia kwa macho mengine baadaye, nilipomkumbuka binti wa El Niño. Yeye alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba na matokeo hayajatoka. Hakuwa mwanafunzi wa msingi tena, na wa sekondari hajawa bado. Angeolewa leo katika wiki zilezile, wakili mzuri wa utetezi angesimama na kuuliza: huyu alikuwa mwanafunzi wa shule ipi?

Kifungu cha 60A kinailinda sare ya shule. Msichana akiivaa, sheria inamzunguka kwa ukali wa miaka 30. Akiivua kwa kufeli, kwa utoro, kwa ada ya mabweni iliyokosekana, kwa kupelekwa mjini kufanya kazi za ndani, basi anarudi kwenye himaya ya baba na mahari. Wasichana walio katika hatari kubwa kuliko wote ni hao hao walioivua. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa miaka 20 hadi 24, asilimia 31 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18; ule wa 2010 ulikuwa umeonyesha asilimia 37. Kushuka kumetokea, nami nafurahi, na elimu bila ada iliyoanza 2016 ina mchango wake. Bado ni karibu mmoja kati ya watatu, na haohao hawakuwa darasani.

Tabia hii ya kumlinda mtoto kwa cheo alicho nacho, badala ya kumlinda kwa umri wake, imeenea katika vitabu vyetu. Akiwa mwanafunzi ana sheria yake. Akiwa mke ana sheria yake. Akiwa mfanyakazi, Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na hilo silipingi. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuchunga mbuzi wa nyumbani au kumsaidia shangazi gengeni bila kuharibikiwa. Umri wa kupanda ngazi kidogo kidogo ni busara ya kawaida ya malezi. Ugomvi wangu uko kwenye yale mambo ambayo hayana ngazi. Mwili wa msichana wa miaka 15 hauwi na uwezo tofauti wa kubeba mimba kwa sababu kuna cheti cha ndoa sandukuni.

Tazama pia yaliyowakuta wanafunzi waliopata mimba. Kwa miaka mingi walifukuzwa shule, na kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitumika kama msingi kwa maneno ya jumla kuhusu makosa ya kimaadili. Yaani mtoto ambaye Kanuni ya Adhabu inamwita mhanga wa ubakaji, shule ilimwita mkosaji. Mwaka 2017 kauli nzito ya kisiasa iliufunga kabisa mlango wa kurudi. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi katika mfumo rasmi wa shule, na waraka wa elimu ukafuata. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao, iliona kwamba kuwafukuza wasichana hao kulivunja haki zao.

Nimewaona waliorudi. Mmoja alikuwa akikaa dawati la mwisho karibu na mlango ili saa nne aende kunyonyesha nyumba ya tatu kutoka shuleni, mwalimu wa zamu akimfungulia geti bila kumuuliza. Nashukuru kwa waraka ule. Ila waraka ni karatasi ya ofisi. Mlango ulifungwa kwa kauli, ukafunguliwa kwa waraka, na waziri mwingine akija na mtazamo mwingine anaweza kuandika mwingine siku ya Jumatatu. Haki ya kurudi darasani inastahili kukaa ndani ya Sheria ya Elimu, pale pale jirani na kifungu cha 60A, ili mwenye kutaka kuiondoa alazimike kusimama bungeni na kusema kwa nini.

Turudi kwenye umri, maana hata sheria zote zikisema 18 kwa sauti moja kesho asubuhi, bado kuna swali la mwendesha mashtaka yule: ana umri gani, na nani anasema?

Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba katika kosa la kubaka mtoto umri ni nguzo ya kesi. Ukiandikwa kwenye hati ya mashtaka tu hautoshi. Lazima uthibitishwe kwa ushahidi. Imekubali uthibitishwe na mzazi, na mtoto mwenyewe, na ndugu, na daktari, au kwa cheti cha kuzaliwa. Mlango uko wazi kiasi hicho, na bado kesi zinaanguka kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mama anasimama kizimbani nusu saa, anaeleza alivyomkuta mwanawe analia, anaonyesha nguo, na hakuna anayemuuliza alimzaa lini. Ukisoma hukumu za namna hiyo unahisi kama umeshika samaki mkononi akakuponyoka.

Dawa ya kweli ya tatizo hili iko kliniki. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya zamani kuliko wengi wetu, lakini kwa miongo mingi ilimtaka mzazi asafiri mpaka makao makuu ya wilaya, alipe, arudi tena siku nyingine kuchukua cheti. Anayelima ekari mbili hawezi. Mwaka 2015/16 watoto wa chini ya miaka mitano walioandikishwa walikuwa karibu mmoja kati ya wanne. Kuanzia Mbeya mwaka 2013, RITA, wakala wa serikali wa usajili, wakishirikiana na UNICEF na kampuni ya simu ya Tigo waligeuza utaratibu: mtoto wa chini ya miaka mitano anaandikishwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, cheti kinaandikwa kwa mkono hapo hapo, bila malipo, na taarifa zinatumwa makao makuu kwa simu ya mkononi. Mikoa ikafuata mmoja baada ya mwingine. Nauhesabu mpango huu kuwa miongoni mwa mambo bora kabisa ambayo nchi imemfanyia mtoto katika maisha yangu ya kazi, na hauna kelele yoyote. Nimemwona muuguzi wa zahanati akichanja kwa mkono mmoja na kujaza fomu kwa mwingine, foleni ya akina mama wenye kanga mgongoni ikisogea taratibu, kila mmoja akiondoka na kile cheti amekikunja vizuri ndani ya kadi ya kliniki.

Lakini waliozaliwa kabla ya mpango kufika kwao ndio wenye miaka 12, 14, 16 sasa. Hao ndio wanaoolewa, wanaobebwa kwenda kufanya kazi za ndani, wanaoshuka kwenye mashimo ya dhahabu. Kwao cheti huja kutafutwa wakishakuwa watu wazima. Nenda ofisi za RITA msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu uone vijana walivyojazana kuhakiki vyeti. Serikali inamtaka kijana athibitishe umri wake anapoomba fedha. Ingetaka umri huo uthibitishwe anapoandikishwa darasa la kwanza, kwa kumwandikia cheti palepale shuleni bila kumrudisha nyumbani, mahakimu wasingekuwa wanapiga hesabu za Ramadhani.

Kuna karatasi nyingine ndogo iliyowagharimu watoto wetu. Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa mwaka 2016 ili kumpunguzia mtoto mzigo. Zamani hakimu alilazimika kumhoji kwanza mtoto wa miaka 14 kushuka chini, kupima akili yake na kama anajua maana ya kiapo, na utaratibu huo ukikosewa ushahidi unatupwa. Kifungu kipya cha 127(2) kikasema mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na asiseme uongo. Nia ilikuwa njema. Kilichotokea ni kwamba mahakimu wengi walisahau kuandika ahadi yenyewe. Kwenye mwenendo wa kesi ilionekana kwamba mtoto ana akili timamu, kisha ushahidi ukaanza. Rufani zikaenda juu, Mahakama ya Rufani ikafuta ushahidi, na washtakiwa wakaachiwa, baadhi yao katika kesi ambazo mtoto alikuwa amesema kila kitu kwa usahihi wa kutisha. Mwaka 2019 Mahakama ilifikia hatua ya kuelekeza maswali ya kuulizwa: una umri gani, dini yako ni ipi na unaelewa maana ya kiapo, unaahidi kusema kweli? Baadaye ikalegeza zaidi, ikikubali kwamba hakimu aliyeridhika kuwa mtoto anasema kweli anaweza kumwamini hata ahadi ikiwa na kasoro. Nafuu imepatikana, ila kati ya 2016 na nafuu hiyo kuna watoto walioambiwa warudi nyumbani, wakakutane njiani na mtu waliyemtaja.

Sheria nzuri ikikosa mtu wa kuitekeleza inaishia hapo. Sheria ya Mtoto imeipa halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto aliye katika eneo lake, na imempa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa mtoto anapoonewa. Tuna MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18. Tuna madawati ya jinsia na watoto polisi, tuna namba 116 ya kupiga bure, tuna vituo vya mkono kwa mkono katika baadhi ya hospitali ambapo mtoto anapata daktari, polisi na afisa ustawi chini ya paa moja. Nimefanya kazi na watu hawa na wengi wana moyo. Ila afisa ustawi wa jamii mwenye kata tano na hana pikipiki atachagua kesi ya kufuatilia kwa umbali, hana namna. Kamati ya ulinzi wa mtoto ya kijiji isiyo na fedha hata ya kumsafirisha mtoto hospitali usiku itaishia kuita pande mbili na kusuluhisha kwa mbuzi. Kila mara nikisoma bajeti ya halmashauri natafuta fungu la ustawi wa jamii kwanza. Likiwa dogo kuliko fungu la posho za vikao, najua watoto wa hapo wanalindwa na nani.

Wenzetu Kenya walimaliza suala la umri wa ndoa kwa Sheria ya Ndoa ya 2014: miaka 18, kwa kila dini na kila kabila. Ndoa za watoto hazijaisha kule, wala sisemi zitaisha hapa siku Bunge litakapopiga kura. Lakini chifu wa kule akiitwa kusuluhisha anajua hakuna kifungu cha kujificha nyuma yake. Hapa mtendaji wetu anacho, na baba anacho, na bwana harusi anacho. Kinachotakiwa Dodoma ni kazi ya asubuhi moja: kurekebisha kifungu cha 13, kukiondoa cha 17, na kufuta yale maneno ya mwisho ya aya ya 130(2)(e), yote kwa siku moja. Ukirekebisha Sheria ya Ndoa ukaisahau Kanuni ya Adhabu, utakuwa umeondoa ndoa na kuacha utetezi wake.

Kesi ya binti wa El Niño ilimalizika kwa mshtakiwa kutiwa hatiani. Siku ya hukumu mama hakushangilia. Tulitoka nje tukakaa chini ya mwembe tukisubiri gari la kijijini, yeye ameshika chupa ya maji ambayo hakuifungua. Nilikuwa nimemweleza kwa lugha rahisi nilivyoweza kwa nini miezi ile ilihesabiwa sana mahakamani, na nikadhani hakunisikiliza. Gari lilipokaribia alinigeukia.

"Hebu niambie, mwanangu. Ningejifungua Oktoba, kabla ya mvua, huyu angekuwa mke wa mtu?"

Nikamwambia ndiyo. Akafunga kanga yake vizuri, akapanda gari.